Mechi 408, mabao 410: mhadhara juu ya Jimmy McGrory

Asanteni. Walionisikia miaka iliyopita wanajua nitakapoanzia. Mechi 408 za ligi, mabao 410. Naomba hesabu hiyo muiweke kichwani kabla hatujaenda popote, maana kila nikimtaja Jimmy McGrory, mshambuliaji wa Celtic ya Glasgow, Uskoti, kuna mtu hunyoosha mkono na kuniambia: si ndiye huyo aliyeichezea Uskoti mechi 7 tu?

Nitafika kwenye hizo 7. Kwanza twendeni London, kiangazi cha 1928.

McGrory ana miaka 24. Amezaliwa Garngad, mtaa wa Glasgow uliojaa wahamiaji wa Kiayalandi, baba yake kibarua wa kiwanda cha gesi. Januari ya mwaka huohuo amewafunga Dunfermline mabao 8 katika mechi moja. Manane, peke yake! Celtic walishinda 9-0. Msimu umekwisha, na meneja wake, Willie Maley, anamwambia wafuatane Lourdes, Ufaransa, kuhiji. Kijana ni Mkatoliki mcha Mungu. Anafunga mzigo wake kwa furaha. Wanashuka stesheni ya Euston, na anayewapokea ni Herbert Chapman, meneja wa Arsenal.

Hapo naomba tusipite haraka. Chapman hakuwa akipunga upepo stesheni. Arsenal walitaka mfungaji na fedha walikuwa nazo. Wakubwa wa Celtic nao walikuwa radhi kumuuza, maana jukwaa jipya la uwanja lilihitaji kulipiwa. Asiyejua lolote ni yule anayeuzwa. Akakataa. Wakaenda Lourdes, wakasali, wakarudi, na London wakamkuta Chapman anawangoja tena. Akakataa mara ya pili. Ilipofika Oktoba, Chapman akamsajili David Jack kutoka Bolton kwa zaidi ya pauni 10,000, dau ambalo hakuna klabu iliyokuwa imewahi kulitoa.

Na malipo ya uaminifu wake? Wenzake pale Celtic walikuwa wakipokea pauni 9 kwa wiki. Yeye alipokea 8. Alikuja kulijua jambo hilo baadaye sana. Mtu anayeibeba timu mabegani analipwa chini ya wale aliowabeba, tena kimyakimya! Mimi hili linaniuma hadi leo, na nitalisema kila nitakapopewa kipaza sauti. Yeye alisema tu kwamba McGrory wa Arsenal lisingependeza masikioni kama McGrory wa Celtic.

Najua wapo mnaosema moyoni kwamba siku zile mabao yalikuwa mepesi. Kweli, kanuni ya kuotea ililegezwa mwaka 1925, mabeki wakataabika. Lakini ililegezwa kwa washambuliaji wote, si kwake peke yake. Hao wengine wenye wastani wa zaidi ya bao moja kwa kila mechi ya ligi, kwa miaka 15, wako wapi? Tena kumbukeni mpira wenyewe: ngozi tupu, umeshonwa kwa kamba, ukilowa mvua ya Glasgow unakuwa kama jiwe. Huo ndio aliokuwa akiupiga kichwa, na hakuwa mtu mrefu. Fainali ya Kombe la Uskoti ya 1925 dhidi ya Dundee, watu husimulia bao la kusawazisha la Patsy Gallacher, aliyejipindua na mpira hadi ndani ya nyavu. Bao zuri, sikatai. Lakini la ushindi alilifunga McGrory, kwa kujirusha na kichwa, na wanaolisimulia ni wachache.

Haya, zile 7. Mbele yake alikuwepo Hughie Gallacher wa Newcastle, mshambuliaji hatari kwelikweli, sina ugomvi naye. Wateuzi wa timu ya taifa walipomweka Gallacher na Uskoti ikaifunga England 5-1 pale Wembley mwaka 1928, mlango ukawa mwembamba. Lakini McGrory alipopewa nafasi mbele ya England pale Hampden, uwanja wa Glasgow, 1931 alifunga, na 1933 akafunga yote mawili Uskoti iliposhinda 2-1, mbele ya watu zaidi ya 134,000. Mechi 7, mabao 6. Aliyeshindwa hapo ni mfungaji au ni mteuzi?

Muda unanibana. Msimu wa 1935-36, akiwa amevuka miaka 30, alifunga mabao 50 ya ligi na Celtic wakatwaa ubingwa waliokuwa wameukosa kwa miaka 10. Msimu huo aliwafunga Motherwell matatu ndani ya dakika 3. Mwaka 1937 akaondoka kwenda kuinoa Kilmarnock. Celtic ikamrudisha kuwa kocha 1945, akakaa miaka 20, na ushindi wa 7-1 dhidi ya mahasimu wao Rangers katika fainali ya Kombe la Ligi, 1957, ni wa enzi yake. Jock Stein alipompokea kijiti mwaka 1965, Billy McNeill na Jimmy Johnstone walikuwa tayari wamo kikosini. Miaka miwili baadaye wakalibeba Kombe la Ulaya kule Lisbon.

Sasa naona mkono kule nyuma. Karibu, ndugu yangu, uliza.