Ramani Yenye Maduara Haimlindi Mtu

Wanaonifahamu wanajua kila nikizungumzia kupanga ulinzi dhidi ya makombora nitaanzia Dhahran, basi nivumilieni tena. Tarehe 25 Februari 1991, kombora la Scud kutoka Iraki liliangukia kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua 28. Kikosi cha Patriot, mtambo wa Marekani wa kutungua makombora ya adui angani, kilikuwa zamu, rada inawaka. Hakikurusha hata kombora moja.

Mtaniambia hilo ni kosa la kompyuta, wapangaji wa vita wanaingiaje? Wanaingia mzima mzima! Patriot ilibuniwa kwa vita vya Ulaya: iwashwe kwa saa chache, izimwe, ihamishwe kabla adui hajaing'amua. Dhahran ikapigwa kambi, ikawaka zaidi ya saa 100 mfululizo. Kosa dogo la kuhesabu muda likawa linajilimbikiza hadi theluthi ya sekunde, na kwa kasi ya Scud, rada ikawa inalitafuta kombora karibu mita 700 kutoka lilipo. Kuzima na kuwasha upya kungemaliza yote kwa dakika moja au moja na nusu. Vikosi vilikuwa vimeonywa siku nne kabla kwamba kuwasha muda mrefu sana kuna hatari. Mrefu kiasi gani? Onyo halikutaja! Programu iliyorekebishwa ikafika tarehe 26. Siku ya pili yake, jamani.

Ndiyo maana nikionyeshwa ramani yenye maduara mekundu, kila duara likiwa eneo ambalo mtambo mmoja unasemekana kulilinda, nauliza: unauzima lini, na ukiuzima nani anaziba pengo? Najibiwa masafa ya kombora. Sikuuliza masafa!

Wengine husema, "Tununue mitambo zaidi." Haya, nunueni. Marekani yenyewe, kwa fedha zote zile, imeweka makombora 44 tu ya kuzuia yale ya masafa ya mabara: 40 Fort Greely, Alaska, na 4 Vandenberg, California. Na shabaha moja hairushiwi kombora moja tu.

Nilitaka kueleza Abqaiq, Saudi Arabia, Septemba 2019, droni na makombora yanayoruka chini chini yalivyopiga kiwanda cha mafuta katika nchi yenye Patriot tele, muda umeniishia. Na Seongju, Korea Kusini, 2017: THAAD, mtambo mwingine wa Marekani wa kuzuia makombora, ililetwa kuizuia Korea Kaskazini, China ikalalamikia rada yake, wanakijiji wakafunga barabara ya kuufikia. Mpangaji asiyehesabu wanakijiji atapitisha mafuta ya jenereta kwa helikopta. Haya, maswali.