Panya Mgeni na Ripoti Zisizo na Minyoo

Ndugu zangu, mliokwisha kulisikia hili mnivumilie. Panya mweusi si mwenyeji wa Tanzania. Aliletwa na vyombo vya Bahari ya Hindi, akapanda bara na mizigo, leo yumo kwenye maghala ya mahindi ya Kibaigwa na juu ya dari zenu hapa Dodoma. Halafu mtu anampasua kutafuta minyoo ya tumboni, anaandika kwenye ripoti: “Hakukutwa minyoo, mgeni ameiacha alikotoka.” Kweli, wanyama wanaohamia nchi ngeni hupoteza baadhi ya vimelea vyao njiani. Lakini kabla hujaegemea hoja hiyo, niambie mtego uliukagua saa ngapi!

Mzoga ukishinda chini ya bati hadi saa 6 mchana, utumbo umeshaanza kuoza na tegu wameoza nao. Utakuta ute, utaandika sifuri. Kagua mitego alfajiri, mzoga kwenye barafu, pasua asubuhi hiyo hiyo. Tenga tumbo, utumbo mwembamba, sikamu (kifuko kilicho mwanzoni mwa utumbo mpana) na utumbo mpana, kila kimoja na sahani yake yenye maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita. Chana kwa urefu, mkasi wa ncha butu. Tegu usimvute! Atakatika, kichwa kibaki kimeng’ang’ania ukutani, na tunahesabu vichwa, si vipande. Mbandue taratibu, mwache kwenye maji baridi ya kawaida mpaka alegee, ndipo umtie kwenye ethanoli ya asilimia 70. Ukimtumbukiza akiwa hai anajikunja, na hapo hata jina lake hulipati.

“Mwalimu, si tupime kinyesi tu?” Nilijua mtauliza. Kinyesi hakikwambii minyoo ni mingapi. Mayai ya Moniliformis, mnyoo wa kichwa chenye miiba, ni mazito, kwenye maji ya chumvi tunayotumia kuyaelesha hayaelei vizuri. Syphacia, mnyoo mdogo kama uzi, hutaga kwenye ngozi ya mkunduni, kwa hiyo bandika selotepu pale. Na kioo cha hadubini kinachonasa mayai yanayoelea ukikiacha ukaenda kunywa chai, badala ya kusubiri dakika 10 hadi 15, utarudi kukuta chumvi imeganda na mayai yamebonyea.

Muda unanitupa mkono. Panya shamba ni mwenyeji, msimchanganye na huyu: mkia wa mweusi ni mrefu kuliko kichwa na kiwiliwili, jike lake lina chuchu 10 au 12, la panya shamba huweza kufika 24. Wadudu wa unga wanaobeba tegu, tutawaona wiki ijayo. Kabla ya kupasua, ua viroboto kwanza: mzoga ndani ya mfuko, pamba yenye klorofomu, glovu, barakoa. Tauni wanayoieneza haina utani. Haya, mezani.