Nani Atatangaza Kwamba Seva Kuu Imekufa?

Mabibi na mabwana, anayenunua seva ya pili ya hifadhidata aghalabu hudhani kwamba kazi ngumu ni kuwahamisha watumiaji kutoka seva iliyozimika kwenda ile ya akiba. Hilo programu hulifanya kwa sekunde chache tu. Ugumu uko kabla ya hapo: seva ya akiba itajuaje kwamba seva kuu imekufa kweli, na si mtandao baina yao uliokatika? Zikiwa mbili tu haiwezekani, kwa kuwa kimya cha maiti na kimya cha aliyekatiwa simu ni kimoja. Akiba ikijitwalia uongozi ilhali kuu ingali hai, kila moja itapokea miamala yake, na kesho yake hakuna atakayejua salio la kweli ni lipi.

Ndiyo maana klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, hupewa wapiga kura kwa idadi witiri, watatu au watano, nao huamua kwa akidi, yaani zaidi ya nusu yao, kama kikao chochote. Wa tatu aweza kuwa shahidi tu, asiyebeba data.

Hata hivyo, akidi halali yaweza kuleta balaa. Tarehe 21 Oktoba 2018, mafundi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana misimbo ya programu, walipokuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao, kituo chao kikuu cha data cha mashariki mwa Marekani kilikatika mawasiliano kwa sekunde 43. Orchestrator, programu inayosimamia seva zao za hifadhidata ya MySQL, ilipata akidi, ikahamishia uongozi pwani ya magharibi. Kumbe mashariki kulikuwa na miamala ambayo nakala zake hazijavuka bara. Mtandao uliporejea, kila upande ulikuwa na data ambazo mwenzake hana. Huduma ilidorora kwa saa 24 na dakika 11.

Dawa inayojulikana ni kuilazimisha seva kuu isubiri seva ya nakala ithibitishe kuupokea muamala kabla ya kumjibu mtumiaji. Ndani ya mji mmoja ningeitumia bila kusita, mradi nakala ziwe mbili na itoshe mojawapo kuthibitisha (programu ya hifadhidata ya PostgreSQL inaruhusu hivyo), maana nakala ikiwa moja nayo ikafa, seva kuu itasubiri bila kikomo. Kuvuka bara ni jambo jingine: kila muamala hulipia safari ya kwenda na kurudi. GitHub wenyewe waliamua kuizuia Orchestrator isihamishe tena uongozi kutoka kanda moja hadi nyingine.