Kuanza na MuseScore: toa wimbo kwenye karatasi ya solfa, uingize kwenye kompyuta

Habari zenu, walimu wa kwaya na watunzi. Weka karatasi ya solfa pembeni ya kompyuta, na uwe wimbo ambao kwaya yako inaujua vizuri. Usianzie kwa utunzi mpya. Wimbo unaoujua, ukikosea nota moja, sikio litakushtua hapohapo.

Programu yetu ya kuandika nota ni MuseScore, na ni ya bure. Fungua musescore.org, angalia vizuri, ni ile yenye .org. Ile ya .com ni ya kushirikishana nyimbo, na huko ndiko wengi huombwa malipo wakadhani programu yenyewe inauzwa. Kwenye kupakua utaona pia Muse Hub, programu nyingine ya kupakulia sauti za ziada. Kuandika nota hakuihitaji, na sauti zake zinakula bando sana, kwa hiyo chukua kiungo cha programu peke yake. Toleo la 4 linataka Windows 10 kwenda juu. Kama mashine ni ya zamani, tumia 3.6.2.

Ikishafunguka, bonyeza Ctrl na N. Chagua Choral, kisha SATB, yaani soprano, alto, tena (tenor) na besi. Unapata mistari minne, kila sauti na mstari wake. Najua vitabu vyetu vingi huweka soprano na alto pamoja, tena na besi pamoja, lakini kwa siku ya kwanza kila sauti ikae kwake. Ukiona namba 8 chini ya alama (clef) iliyo mwanzoni mwa mstari wa tena, usiifute: inaonyesha kuwa tena huimba oktavu moja chini ya nota zinavyosomeka.

Endelea mbele. Karatasi inasema Do ni F? Chagua ufunguo wenye flati moja. Mapigo, 4/4. Kama wimbo unaanzia pigo la mwisho la kipimo, weka hapahapa hicho kipimo pungufu cha mwanzo. Ukisahau, wimbo mzima utakaa nje ya mahali pake.

Sasa tuandike. Soprano wetu ni: do, do, re, mi, halafu so, mi, do, na hiyo do ya mwisho inavutwa mapigo mawili. Kwenye F, do ni F, re ni G, mi ni A, fa ni B flati, so ni C, la ni D, ti ni E. Bofya kipimo cha kwanza, bonyeza N, kisha 5, yaani nota ya pigo moja. Andika F F G A C A. Bonyeza 6, nota ya mapigo mawili, halafu F. Nota ikiangukia oktavu isiyo yake, Ctrl na mshale wa juu au wa chini.

Fa isikutie wasiwasi. Bonyeza B tu, programu inaifanya B flati yenyewe kwa sababu ya ufunguo. Ukikutana na fe, yaani fa iliyopandishwa nusu sauti, andika B kisha mshale wa juu mara moja.

Nukta ya solfa inayogawa pigo katikati ni namba 4 kwa kila nota. Na ile nukta yenye mkato, d.,r, ni hivi: bonyeza 4, kisha kitufe cha nukta, andika do, halafu 3, andika re.

Bonyeza Esc, rudi nota ya kwanza, gonga kitufe kirefu cha nafasi. Sikiliza.

Maneno sasa, na hapa naomba utulie. Bofya nota ya kwanza, bonyeza Ctrl na L. Tunaandika "Mtoto anaimba". Kistari kinagawa silabi, nafasi inamaliza neno: M-to-to a-na-i-mba. Silabi saba, nota saba. Hiyo M ina nota yake, kwa sababu kwenye "mtoto" tunaitamka peke yake, kama n ya "nchi". Lakini mba haigawanyiki, na "Mungu" ni Mu-ngu. Nyimbo nyingi zimeandikwa Mun-gu, na kwaya inaishia kuziba sauti puani kwenye nota ndefu badala ya kufungua mdomo kwenye u. Silabi moja ikipanda nota kadhaa mwishoni mwa neno, bonyeza kistari cha chini kwa kila nota inayofuata.

Ctrl na S kila baada ya mstari mmoja, na uhifadhi kwenye kompyuta yako. Mimi umeme ulikatika nikiwa nimemaliza besi nzima ya wimbo wa kurasa nne, nikairudia usiku ule ule.

Sauti zote nne zikikamilika, fungua File, kisha Export, utoe PDF ya kuchapa. Halafu bonyeza F10, lije jedwali la sauti, uache besi peke yake, utoe MP3. Itume kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na ufanye hivyo kwa kila sauti, ili asiyesoma nota aje Jumamosi mazoezini akiwa ameshasikia sehemu yake.