Bei ya Pikapu ya Zamani Huanzia Uvunguni

Shikamooni wazee wangu. Mafundi, madereva, na kina mama mnaosafirisha dagaa, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupata bei ya haki ya pikapu ya zamani. Nitaanza na ya marehemu baba, maana ndiyo iliyonifundisha.

Ilikuwa Land Rover 109, yaani ile ndefu yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, toleo la Series III. Baba alipofariki ilikaa uani miaka minne, majani yakaizunguka. Akaja dalali, akaitazama kidogo tu, akasema, “Mwanangu, hiki ni chuma chakavu.” Nikaiuza kwa bei ya chuma chakavu. Wiki haikuisha nikasikia giaboksi peke yake imeuzwa kwa fedha nyingi kuliko nilizopokea kwa gari zima. Na bado difu zote mbili zilikuwepo, milango ilikuwepo, ringi zilikuwepo. Roho iliniuma, na mpaka leo nikiikumbuka inaniuma.

Kwa hiyo kabla hujataja bei yoyote, lifungue gari kwenye karatasi. Andika kila spea inayofaa, na mafundi wangeinunua kwa kiasi gani. Jumlisha. Hiyo ndiyo sakafu. Mtu asikushushe chini yake.

Halafu tafuta dari. Waulize watu waliouza gari kama hilo, zima, linalotembea: ulilipwa ngapi? Usiulize ulitaka ngapi. Bei ya mdomoni na fedha iliyohesabiwa mezani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Bei ya haki imo kati ya sakafu na dari, na kinachoamua ni uvunguni. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu. Ilipoanza kuundwa mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, wakatumia aluminiamu. Ndiyo maana mtu analiona gari halina kutu mlangoni, anaridhika. Lakini chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ni ya chuma, na Series III ziliundwa kati ya 1971 na 1985. Hata ile changa kabisa imeshatimiza miaka arobaini! Lala chini, gonga chasisi kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na mahali pengine nyundo inazama.

Huku kwetu kuna swali ambalo mnunuzi wa mjini hajui kuliuliza: pikapu hii ilikuwa inabeba nini? Iliyobeba chumvi ya Uvinza miaka kumi si sawa na iliyobeba tumbaku Urambo, hata kama zilitoka kiwandani siku moja. Chumvi inaingia ndani ya chasisi, inakaa, na kila mvua inaiamsha. Maji ya samaki nayo yana kazi yake. Mimi nikisikia Uvinza, nagonga mara mbili.

Sasa tupige hesabu, ya mfano tu. Tuseme iliyo nzima imelipwa milioni 12. Ya kwako inahitaji kuchomelewa chasisi kwa milioni 2 na nusu, breki laki 6, nyaya laki 4. Jumla milioni 3 na nusu; inabaki 8 na nusu. Toa tena laki 5, kwa sababu fundi akifungua hiki atakuta na kile. Milioni 8. Kama spea zake zinajumlisha milioni 5, basi milioni 8 ni bei ambayo muuzaji na mnunuzi wataendelea kusalimiana.

Nimeulizwa mlangoni kama uzee wenyewe hauongezi bei. Tazameni Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, lakini kwanza wakaipaka injini grisi. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kilichoiokoa si uzee, ni ile grisi! Gari lililosimama uulize lilisimamishwaje: juu ya matofali au juu ya tairi, chini ya bati au chini ya mvua.

Injini iliyobadilishwa ina bei mbili. Mkulima anayetaka kupanda mlima na mzigo atafurahi kukuta dizeli ya Toyota. Anayetaka gari lilivyotoka kiwandani atapunguza sana. Mjue anayenunua, na umwambie ukweli mapema.

Karatasi sitazichelewesha. Namba ya chasisi, ambayo kwenye 109 imegongwa mbele kulia karibu na kishikio cha springi, ilingane na kadi ya gari. Kama kadi ina jina la marehemu, mwenye haki ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mnunuzi akikuta hilo halijafanyika, ana haki ya kusubiri na fedha yake mfukoni.

Pale chini ya mwembe kuna 109, na mwenyewe ameniruhusu tuigonge. Hajaniambia ilibeba nini, nami nimemwomba asiniambie. Fundi, chukua nyundo, twende.