Kukagua na kusafisha kofia ya chuma ya askari wa Urusi ya Vita vya Kwanza vya Dunia

Karibuni tena, watazamaji wapenzi. Iliyo mezani leo ni kofia ya chuma ya muundo wa Adrian, iliyobuniwa na ofisa Mfaransa August-Louis Adrian mwaka 1915, ambayo Urusi iliiagiza kutoka Ufaransa baada ya askari wake kuingia vitani wakiwa na kofia za kitambaa tu.

Vumbi lipanguseni kwa brashi laini, kisha muigeuze kofia. Ganda ni bati la chuma lenye unene wa takriban milimita 0.7, ukingo umeungwa kando, na kishungi cha juu kimepigwa ribiti ili kifunike tundu la hewa. Mkikuta ganda na ukingo ni bati moja, huenda mmeshika kofia ya mwaka 1917 iliyotengenezwa Helsinki na kiwanda cha Sohlberg, nayo ni adimu zaidi.

Sasa tufike kwenye nembo, na hapa naomba utulivu. Tai huyu mwenye vichwa viwili, alama ya ufalme wa Urusi, ameshikiliwa na vijiulimi vya bati vilivyopenyezwa kwenye matundu ya ganda na kukunjwa kwa ndani. Msivikunjue. Bati lililokaa zaidi ya miaka 100 likikunjuliwa hukatika, na kijiulimi kikikatika hakuna gundi itakayorudisha uhalisi wake. Subirini nisogeze taa, kwa maana mng'ao unaficha mahali penyewe. Naam, mnaona ufa ule mwembamba kwenye mkunjo? Ndiyo maana narudia: msivikunjue, hata kama kutu imejificha nyuma ya tai, ifuateni kwa pamba iliyochovywa mafuta kidogo. Tazameni pia taji lililo juu ya tai. Mapinduzi ya 1917 yalipomwondoa mfalme, baadhi ya askari walilikata taji au kumng'oa tai mzima, kwa hiyo pengo hilo ni ushahidi wa historia na halistahili kuzibwa.

Rangi ya zamani msiipige msasa, kwani vumbi lake linaweza kuwa na madini ya risasi. Binafsi napenda ibaki na mikwaruzo yake yote. Ndani, inueni ndimi za ngozi taratibu mpaka mvione vibamba vya alumini vyenye mawimbi, vinavyoacha nafasi ya hewa kati ya kichwa na chuma. Ngozi ikiwa kavu, isilazimishwe kupinda. Jazeni karatasi laini isiyo na asidi ndani yake ili ibaki na umbo, na ukanda wa kidevu uachwe ulale bila kuvutwa.