Sungura Mkubwa Anapohamia Kwako: Angalia Kwanza Anachokula na Choo Chake

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi na kokote mnakonitazamia, habari zenu, na shikamooni wakubwa zangu. Leo nazungumza nanyi kutoka sebuleni kwangu hapa Leicester, Uingereza, na huyo mnayemwona nyuma yangu, aliyejinyoosha chini ya kiti huku masikio ameyalaza mgongoni, ni sungura jike wa miaka 4 niliyemchukua kwenye kituo kinachopokea wanyama walioachwa na wenyewe. Shangazi yangu aliyeko Mikindani naye amekabidhiwa sungura mkubwa na jirani aliyehamishiwa kazi Dodoma, na maswali anayoniuliza kwenye simu ndiyo yaliyonifanya niandae video hii. Ninafahamu kwamba kwetu sungura hufugwa zaidi kwa ajili ya kitoweo, na sina neno na mfugaji wa namna hiyo. Ninayemlenga ni yule aliyepokea sungura mmoja aliyekwisha kukomaa, wa kukaa naye nyumbani, ambaye akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 8 hadi 12.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba sungura ni mnyama anayewindwa, na mnyama anayewindwa huficha hofu yake kama anavyoficha maradhi yake. Mkimleta nyumbani akatulia tuli kwenye kona, msidhani kwamba amekwisha kuzoea. Mara nyingi utulivu huo ndio woga wenyewe. Mtafutieni mahali pakavu pasipo kelele, mwekeeni boksi la karatasi ngumu lenye matundu mawili, ili akiingia kwa moja aweze kutokea kwa jingine, kisha mwacheni. Mwenye kumhudumia akae sakafuni karibu naye, afanye shughuli yake, asimkodolee macho wala asimnyooshee mkono. Siku sungura atakapokuja mwenyewe kunusa vidole vyako, mpapase taratibu kwenye paji la uso, kati ya macho na masikio. Akiridhika utasikia anasaga meno kwa sauti ndogo sana, ambayo ukiwa umesimama huwezi kuisikia; akiyasaga kwa nguvu huku amejikunyata, hayo ni maumivu.

Shangazi, najua wajukuu wanatamani kumbeba. Tafadhali wazuie kwa sasa. Mifupa ya sungura ni myepesi ilhali misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi, kwa hiyo akishtuka hewani na kurusha mateke anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe. Ikilazimu kumnyanyua, mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine ubebe makalio, kisha umkumbatie kifuani. Kumning'iniza kwa masikio, kama tulivyozoea kuona sokoni, ni kumtesa.

Sasa tuje kwenye chakula, na hapa ningependa tukae kidogo. Watu wengi huamini kwamba sungura ni mnyama wa karoti na pumba, kumbe utumbo wake umeumbwa kwa ajili ya nyasi. Zaidi ya robo tatu ya anachokula kwa siku inapaswa kuwa nyasi, mbichi au zilizokaushwa, kwa sababu nyuzinyuzi zake ndizo zinazousukuma utumbo ufanye kazi bila kusimama. Meno nayo hayaachi kukua maisha yake yote, na ya mbele yanaweza kurefuka kwa zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Asipotafuna nyasi kwa saa nyingi kila siku hayasagiki, yanapinda, na hatimaye yanamzuia kula kabisa. Mimi huku nanunua nyasi kavu dukani kwa bei inayouma. Ninyi mnazo bure: ukoka, majani ya tembo, na mashona nguo, ambayo sungura huyapenda mno. Mvua zikikatika mwezi wa 5, nyasi zikiwa bado ndefu na jua limeanza kukaza, kateni za kutosha, zitandazeni kivulini penye upepo, zigeuzeni mpaka zikauke vizuri, kisha zihifadhini mahali pasipovuja. Zilizoota ukungu zitupwe bila kusitasita.

Kuna tahadhari mbili zinazohusu kwetu hasa. Kuanzia mwezi wa 6 wakulima wa korosho hupuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na vumbi lile la njano hutua kwenye nyasi za chini ya mikorosho na za mashamba ya jirani. Msikate majani ya sungura huko msimu huo, hata kama ndiko yalikostawi. Tahadhari ya pili ni majani mabichi ya muhogo. Sisi hutwanga kisamvu na kukipika kwa muda mrefu, na hatua hizo ndizo zinazoondoa sumu ya sayanidi iliyomo. Sungura akipewa majani hayo yangali mabichi, sumu yote inaingia tumboni mwake. Majani ya parachichi na ya viazi mviringo pia msimpe. Matembele anaweza kupewa kwa kiasi. Ugali, mkate, biskuti na mahindi viacheni kabisa, na kipande cha embe au karoti kiwe cha mara mojamoja, kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Ongezeni tawi la mpera, magome na majani yake, apate kitu cha kuguguna.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, mwulizeni aliyemtoa alikuwa akimlisha nini, mkaendelee na chakula hichohicho kwanza, kisha mbadilishe polepole kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Utumbo wa sungura una bakteria wanaomsaidia kusaga majani, na mabadiliko ya ghafla huwavuruga.

Kila asubuhi, kabla hujafagia banda, inama uangalie choo. Sungura mwenye afya hutoa punje 200 hadi 300 kwa siku, za mviringo, kavu, zenye ukubwa unaolingana, na ukizifikicha unaona vipande vya nyasi ndani yake. Kipo pia choo laini chenye kung'aa, kilichoshikana kama kichala kidogo cha zabibu, ambacho hukila mwenyewe moja kwa moja kinapotoka. Msimzuie wala msione kinyaa, kwa kuwa ndimo anamopatia vitamini na protini ambazo hakuzinyonya mara ya kwanza. Punje zikiwa ndogo kuliko kawaida, au zimeunganishwa na nywele, ongezeni nyasi na maji. Na ikitokea ametimiza saa 12 bila kula wala kupata choo, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, isingoje kesho, kwa sababu utumbo ukisimama gesi hujaa, na sungura hawezi kutapika.

Joto ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kwa sungura wa Mtwara na Lindi. Huku kazi yangu ni kumkinga na baridi. Kwenu, kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 3, joto hufika nyuzi 30 na kuzidi, wakati sungura huanza kutaabika likipita nyuzi 26 hivi. Hatoi jasho kama sisi, bali hupunguza joto zaidi kupitia masikio. Kwa hiyo banda likae chini ya mwembe, upande unaopata upepo wa bahari, na liezekwe kwa makuti, si kwa bati. Maji yawe kwenye bakuli zito la udongo asiloweza kulipindua, yabadilishwe asubuhi na jioni. Adhuhuri mwekeeni chupa ya maji ya baridi iliyofungwa kitambaa, aiegemee akitaka. Mkimkuta anahema mdomo wazi, masikio yamekuwa mekundu na ya moto, mpelekeni kivulini na kumlowanisha masikio kwa maji ya kawaida mkiwa mnamtafutia daktari; kumtumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi kunaweza kumwua kwa mshtuko.

Sakafu ya banda isiwe ya waya mtupu, maana humchubua nyayo, na miguu ya banda isimame kwenye makopo yenye oili chafu ili siafu wasipande usiku.

Nimalizie na dawa. Sungura akiumwa, kuna anayekwenda duka la dawa kumnunulia amoksilini, akidhani kwamba kinachomfaa mtoto kitamfaa na mnyama. Amoksilini ya kunywa huua wale bakteria wema wa utumboni, wabaya wakatawala, na sungura akafa kwa dawa badala ya ugonjwa. Dawa za viroboto vya mbwa zenye fipronili nazo ni sumu kwake. Mpigieni afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo mapema, kabla hata hajaugua, mwulizeni kama amewahi kutibu sungura, na mkifika kwake mwelezeni mara ya mwisho alipokula na alipopata choo. Suala la kukata kucha nitalionyesha kwenye video ijayo, kwa kuwa lazima kamera isogee karibu mwone mshipa wa damu unapoishia.